Karatasi ya pH Imekuwa Buluu: Maji ya Kisima Yanafaa au Hayafai?

Karibu kila mara karatasi ya pH inapobadilika rangi mbele ya watu, kuna swali moja linaulizwa: "Sasa haya maji ni mazuri au mabaya?" Ni swali la haki. Singida hupata mvua ya milimita kati ya 500 na 800 hivi kwa mwaka, tena kwa msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Miezi inayobaki watu wengi vijijini wanategemea maji ya ardhini: kisima cha kuchimba kwa mkono, pampu, au bomba linalotoka kwenye kisima kirefu. Ukisikia kuna karatasi ya bei ndogo inayopima maji, lazima utamani ikupe jibu la mwisho.

Tatizo ni kwamba karatasi hiyo inajibu swali moja tu, na swali lenyewe si hilo. Kwa Singida, kuyachanganya maswali hayo mawili kunaweza kumgharimu mtoto meno yake. Twende taratibu.

Bizari kwenye shati jeupe

Tuanzie jikoni. Umedondosha mchuzi wenye bizari ya manjano kwenye shati jeupe, ukakimbilia kulisugua kwa sabuni ya kipande. Badala ya kutoka, doa linageuka jekundu kama tofali. Wengi hushtuka wakidhani wameiharibu nguo zaidi. Suuza, kisha likamulie limau: doa linarudi njano. Hakuna uchawi hapo. Sabuni ni alkali, limau ni asidi, na bizari ni kiashiria, yaani kitu kinachokuwa na rangi moja kwenye asidi na rangi nyingine kwenye alkali.

Karatasi ya maabara inafanya jambo hilohilo. Mwaka 1664 mwanasayansi Robert Boyle alieleza jinsi sharubati ya maua ya urujuani inavyogeuka nyekundu ikitiwa asidi na kijani ikitiwa alkali. Litmasi nayo, ile karatasi nyekundu na buluu ambayo kila aliyesoma kemia sekondari anaikumbuka, hutokana na viumbe fulani vya kijivu vinavyoota juu ya mawe na magome ya miti, ambavyo kila kimoja ni muungano wa kuvu na mwani. Watu wa pwani yetu waliviita marere, na katika karne ya 19 vilikuwa bidhaa iliyosafirishwa kutoka Zanzibar kwenda Ulaya kutengenezea rangi za nguo. Kwa hiyo karatasi ambayo leo tunaiagiza nje ina ndugu zake waliovunwa huku huku kwetu.

Litmasi inakupa majibu mawili tu: nyekundu ni asidi, buluu ni alkali. Haikwambii ni asidi kiasi gani. Kwa hilo tunatumia karatasi ya rangi nyingi, iliyolowekwa kwenye mchanganyiko wa viashiria kadhaa. Yenyewe huanzia nyekundu, ikapita rangi ya chungwa, njano na kijani, hadi buluu na zambarau, na kiboksi chake huwa na mistari ya rangi ya kulinganishia, kila rangi na namba yake.

Namba hizo zililetwa mwaka 1909 na Søren Sørensen, mkemia wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, na ndiyo, ni wale wa bia. Katika lita moja ya maji safi kabisa kwenye nyuzi joto 25, kiasi cha ayoni za haidrojeni ni moli 0.0000001. Hesabu tarakimu zilizo baada ya nukta: ni saba. Ndiyo pH 7. Ayoni hizo zikiongezeka, kioevu kinakuwa asidi na namba inashuka. Zikipungua, kinakuwa alkali na namba inapanda. Kinachosahaulika ni kwamba kila hatua moja ni mara kumi. Maji ya pH 10 hayajazidi kidogo tu yale ya pH 8. Ayoni zake za haidrojeni ni pungufu mara mia.

Molekuli ya kiashiria inachofanya ni kushika ayoni ya haidrojeni zikiwa nyingi, na kuiachia zikiwa chache. Ikiiachia, umbo lake linabadilika kidogo, inafyonza mwanga wa aina nyingine, na jicho lako linaona rangi nyingine. Basi. Inaona ayoni za haidrojeni peke yake. Chumvi, vijidudu, dawa za shambani, madini ya sumu, vyote vinaweza kuwa ndani ya glasi hiyo na karatasi isitikisike. Shika hilo, tutalirudia.

Vya kujaribu nyumbani

Kama huna karatasi ya dukani, chemsha rozela, ile ambayo wengine Dodoma na Singida wanaiita choya. Chovya vipande vya karatasi nyeupe isiyong'aa kwenye maji yake mazito, anika kivulini. Karatasi hiyo inakuwa nyekundu ya kuwaka kwenye limau, na inaelekea kijani kwenye maji ya majivu. Shule isiyo na maabara inaweza kufundisha somo zima kwa rozela ya elfu moja.

Limau litakupa 2 hivi. Ukwaju na ubuyu havipo mbali na hapo. Asali ya Itigi au Manyoni, ambayo ulimi unaiona tamu tupu, kwa kawaida ni asidi ya karibu 4, na hiyo ni sababu mojawapo ya asali kutoharibika upesi. Ikoroge kwanza na maji kidogo, maana ikiwa nzito karatasi hailowi vizuri. Maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi yako 6.6 hivi, yakishaganda kuwa mtindi yanashuka hadi kama 4.5, kwa sababu bakteria wamegeuza sukari ya maziwa kuwa asidi. Magadi yaliyokorogwa majini yatapita 10. Maji ya majivu nayo ni makali. Usiyaweke karibu na macho. Maji ya betri usiyaguse kabisa.

Na mafuta ya alizeti, fahari ya mkoa? Karatasi haitakwambia kitu. pH ni habari ya ayoni zilizo ndani ya maji, na mafuta hayana maji. Mtu akikwambia amepima pH ya mafuta ya kula kwa karatasi, mpe soda akapumzike.

Kwa nini maji ya Singida huelekea buluu

Ziwa Singidani na Ziwa Kindai, yaliyo pale pale mjini, ni maziwa ya chumvi na alkali. Karatasi ikichovywa humo inakwenda kwenye buluu bila kusitasita. Sababu ni umbo la nchi. Maji ya mvua yanashuka kwenye mabonde haya yakitokea kwenye miamba ya granaiti (ile mikubwa ambayo kila mgeni anaipiga picha), lakini hayana mto wa kuyatoa. Njia pekee ya kutoka ni juu, kwa mvuke. Maji yanaondoka, kilichoyeyuka kinabaki, mwaka hadi mwaka.

Kinachobaki kinachujwa kwa mpangilio. Mvua ikiwa na hewa ukaa inakuwa asidi hafifu, inaila granaiti polepole, inatoa sodiamu, kalsiamu na baikaboneti. Kadiri maji yanavyokolea, kalsiamu na kaboneti vinashikana na kuzama kama chokaa. Kalsiamu inaisha mapema, sodiamu na kaboneti vinabaki vikitamba. Hiyo ndiyo asili ya magadi. Heroe wanaokuja kwenye maziwa haya wanafuata mwani mdogo unaostawi kwenye maji ya namna hiyo, ambayo samaki wengi wasingeyaweza.

Maji ya ardhini yanapitia safari kama hiyo kwa kiasi kidogo. Yamekaa na mwamba kwa miaka, yamekula madini yake, kwa hiyo visima vingi katika nchi ya namna hii ni alkali kiasi. Ukipata 7.5 au 8.5 usishangae. Shirika la Afya Duniani halijaweka kiwango cha pH kwa misingi ya afya, kwa sababu katika viwango vya kawaida vya maji ya kunywa pH yenyewe haimdhuru mnywaji. Kiwango cha 6.5 hadi 8.5 unachokikuta vitabuni kipo zaidi kwa ajili ya mabomba, ladha na ufanisi wa dawa za kutibu maji.

Kitu ambacho karatasi haikioni

Singida ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania ambayo maji yake ya ardhini yanajulikana kuwa na floraidi nyingi sehemu mbalimbali, pamoja na Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Shinyanga na mingine. Floraidi kidogo inasaidia meno. Ikizidi, inaharibu. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania yenyewe, kwa kuona kuwa sehemu nyingi hazina chanzo kingine, mwaka 1974 iliweka kiwango cha muda kilichoruhusu hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini. Baadaye kikawa 4, na sasa tumeshuka hadi 1.5.

Na hapa kuna uhusiano na alkali ambao unavutia, na pia unapotosha. Floraidi imo ndani ya granaiti, mojawapo ya makazi yake ikiwa ulanga, yale madini yanayometameta ukivunja jiwe. Kwenye maji ya alkali kuna ayoni nyingi za haidroksidi, ambazo kwa ukubwa zinakaribiana sana na floraidi. Zinaingia kwenye ulanga, zinaisukuma floraidi nje, inaingia majini. Halafu, kwa kawaida kalsiamu ingeikamata floraidi na kuizamisha. Lakini tumeona kwamba kwenye maji haya kalsiamu imeshazama na chokaa. Floraidi inabaki bila polisi.

Kwa hiyo karatasi ikienda buluu, una sababu ya kushuku. Kushuku tu! Kuna visima vyenye pH ya 7.5 na floraidi nyingi, vipo vya 8.5 vyenye kidogo, na visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza kutofautiana sana kutegemea kina na mwamba. Karatasi ya kijani haijamsafisha mtu, na ya buluu haijamhukumu.

Madhara yanaanzia kwenye meno: madoa meupe kama chaki, kisha ya kahawia, na kwa waliokunywa nyingi zaidi jino linamomonyoka. Watu huyachukulia kama uchafu na mtoto anasimangwa kwamba hapigi mswaki. Mswaki hauhusiki. Jino linaharibika likiwa bado linajijenga ndani ya fizi, kwa sehemu kubwa katika miaka minane ya kwanza ya maisha, na likishatoka limeshatoka. Ukisubiri kuona madoa ndipo upime kisima, umechelewa kwa mtoto huyo. Floraidi nyingi zaidi kwa miaka mingi inafika kwenye mifupa na viungo, vinauma na kukakamaa.

Sasa angalia karatasi inavyoweza kukudanganya, au tuseme unavyoweza kujidanganya nayo. Mtu amepima maji yake, yamekuwa buluu, ameambiwa akamulie limau. Anakamulia, anapima tena: njano! Anafurahi. Floraidi iko pale pale, haijapungua hata chembe. Mwingine anachemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu na ni jambo jema, lakini floraidi haichemki ikaruka. Maji yanapungua kwa mvuke, yenyewe inabaki, kwa hiyo inakolea kidogo. Kichujio cha kitambaa hakiigusi, cha udongo wa kawaida vilevile, na dawa ya klorini haihusiani nayo.

Kuna na magadi ya mboga. Mlenda bila magadi kwa wengine ni matusi, na maharage yanalainika haraka kwa sababu alkali inavunja gundi inayoshikilia kuta za chembe za mmea. Karatasi itakuonyesha vizuri alkali ya magadi hayo. Isichokuonyesha ni kwamba baadhi ya magadi ya asili yana floraidi nyingi. Watafiti wa meno waliofanya kazi Tanzania miaka ya 1990 waliyakuta magadi ya kupikia yakihusishwa na meno yenye madoa hata kwa watoto waliokunywa maji yenye floraidi kidogo. Sisemi uyatupe mlenda. Ila kama nyumbani kuna mtoto mdogo, bana kijiko.

Pale karatasi inapokuwa na msaada

Nisije nikaonekana naichukia. Ukitibu maji kwa klorini, pH inaamua dawa itafanya kazi kiasi gani. Klorini ikiingia majini inakaa katika sura mbili, moja inaua vijidudu vizuri na nyingine ni legelege. Kwenye pH 7.5 hivi zinagawana nusu kwa nusu. Kwenye 8.5 sura yenye nguvu inabaki kama asilimia 10 tu, na kwenye 9.5 kama asilimia 1. Kwa hiyo anayetibu maji ya pH 8.5 na kunywa baada ya dakika kumi hajajitendea haki. Dakika 30 ni kiwango cha chini kwa maji ya kawaida. Yakizidi pH 8 yaache yakae zaidi kabla ya kunywa. Karatasi ya bei ndogo imekupa habari yenye manufaa kabisa hapo.

Inasaidia pia kwenye kuondoa floraidi yenyewe. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimejulikana kwa kazi ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao unainasa floraidi maji yanapopita. Maji yakiwa alkali sana, mkaa huo unanasa kidogo, kwa sababu haidroksidi zinagombania nafasi zilezile. Shabu nayo inahitaji maji yasiyo na alkali kali ili ifanye kazi vizuri. Anayeendesha chujio la namna hiyo ana haki ya kuijua pH yake.

Ukipima, usiichovye karatasi kwenye ndoo ya kunywa. Chota kidogo kwenye kikombe safi au dondoshea tone juu ya karatasi. Ishike pembeni, maana jasho la vidole lina pH yake. Soma rangi ndani ya nusu dakika, kivulini mchana, si chini ya taa ya njano. Kwenye maji yaliyotiwa Jik nyingi karatasi inaweza kupauka. Huko kupauka si jibu. Na pima kisimani hapohapo. Maji yanayotoka chini yamebeba hewa ukaa, yakikaa wazi hewa hiyo inatoka na pH inapanda. Sampuli iliyosafiri siku nzima kwenye chupa iliyojaa nusu itakupa namba nyingine kabisa, na mtaanza kubishana bure.

Floraidi ina kipimo chake maabara. Kimojawapo kinatumia rangi pia: unatia dawa nyekundu yenye madini ya zirkoniamu, na kadiri floraidi inavyokuwa nyingi ndivyo wekundu unavyopauka, kisha mashine inasoma. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji mikoani. Kwa mjini, SUWASA ndiyo mamlaka ya maji, na vijijini ni RUWASA kupitia ofisi zake za wilaya. Kamati ya maji ya kijiji ina haki ya kuuliza swali moja lililonyooka: floraidi ya kisima hiki ni miligramu ngapi kwa lita, na ilipimwa lini? Likija jibu la "maji yamepimwa, yako sawa", omba namba.

Namba ikiwa kubwa na chanzo kingine hakipo, mvua ndiyo msaada wa karibu. Maji ya mvua karatasi itayasoma kama asidi hafifu, 5.6 au 6, kwa sababu ya hewa ukaa iliyoyeyuka humo, na wapo wanaoshtuka wakiona njano ile. Lakini hayajapita kwenye mwamba, kwa hiyo floraidi yake karibu haipo. Acha mvua ya kwanza ioshe bati, kinga zinazofuata, funika tangi, na maji ya kunywa yatie dawa au uyachemshe. Kama tangi halitoshi hadi Novemba, watengee watoto wadogo kwanza, au changanya: ndoo moja ya kisima chenye miligramu 3 na ndoo moja ya mvua inakupa ndoo mbili za miligramu 1.5 hivi.